Kufunga nzi wa kuvulia trauti: funga mmoja mara kumi na mbili, na acha nafasi ya jicho

Tuelewane kwanza, nzi ninaemwongelea hapa sio yule anaetua kwenye chakula. Ni ndoana iliyovalishwa manyoya na uzi na waya mpaka trauti, yule samaki wa mito ya baridi, akiiona anadhani ni mdudu wa majini au kisamaki, na tunasema kufunga nzi kwa sababu kazi yenyewe ni kufunga tu, hakuna kuchoma wala kugundisha, uzi unazunguka ndoana unabana vitu basi. Na sio kitu kipya, Aelianus, mwandishi wa Kirumi, aliandika karibu miaka 1,800 iliyopita kuhusu wavuvi wa Makedonia waliokuwa wanazungushia ndoana sufu nyekundu alafu wanafungia manyoya mawili ya jogoo, sasa ukimwangalia nzi wa leo unaona ni yaleyale, kilichobadilika sana ni uzi umekuwa mwembamba na ndoana zimekuwa nzuri.

Wanaoanza wengi wanaharibu hapa mwanzoni kabisa. Wananunua manyoya ya kila rangi, wanaangalia vidio ishirini, alafu wanafunga nzi kumi wa aina kumi, kila mmoja mara moja, na wote kumi wabaya. We chagua mmoja. Mfunge mara kumi na mbili mfululizo, saizi moja, rangi moja. Wa kwanza atakuwa kituko, wa nne ataanza kuwa na sura, ukifika wa kumi mikono inaenda yenyewe huku unapiga story. Na huyo mmoja mi nasema awe Woolly Bugger, alianzishwa na Russell Blessing wa Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1960 mwishoni. Ni mkubwa kwa hiyo unaona unachofanya, anasamehe makosa, na ndani yake kuna karibu kila kitu utakachohitaji mbeleni, mkia, mwili, kuzungusha unyoya, waya, kichwa. Alafu anavua kweli, trauti anaweza kumchukulia kama ruba, kisamaki, lava wa kereng'ende, chochote kinene kinachojikokota chini ya maji.

Vifaa

Cha kwanza jiliwa, ile ya kufungia nzi, ndogo yenye meno membamba. Ukitaka kujua kama ni nzuri bana ndoana alafu ikandamize kwa dole gumba, ndoana ipinde kidogo na kurudi, isiteleze. Ikiteleza utaichukia hii kazi ndani ya wiki. Mkasi uwe na ncha nyembamba kabisa, na waya usikate kwa ncha, kata kule ndani karibu na msumari wa mkasi, ncha ni za uzi na manyoya tu. Bobini ni kile kishikio chenye bomba linalopitisha uzi, tafuta yenye mdomo wa seramiki, maana za chuma za bei rahisi saa zingine zina ukali pale mdomoni na zitakukatia uzi kila dakika tano ukadhani kosa ni lako.

Uzi unapimwa kwa denia, namba ikiwa kubwa uzi ni mnene. Kwa huyu Bugger tumia denia 140, kwa nzi wadogo baadae denia 70. Kuna nyuzi zinaandikwa 6/0 au 8/0, hapo namba ikipanda uzi unazidi kuwa mwembamba, na ndoana ziko hivohivo, namba 8 ni kubwa, namba 16 ni ndogo, namba 20 utaitafuta kwenye zulia kwa goti. Kwa kuanzia chukua ndoana za namba 8 au 10 zenye mgongo mrefu, mgongo namaanisha ile sehemu iliyonyooka kati ya jicho, yaani lile tundu la kufungia uzi wa kuvulia, na kona, pale ndoana inapoanza kupinda.

Manyoya unayohitaji ni haya tu: marabu nyeusi, yale laini kama moshi, jina limetoka kwa ndege korongo lakini sikuizi yanatoka kwa bata mzinga, alafu unyoya mrefu wa jogoo mweusi wenye vinyuzi laini, shenili nyeusi au ya kijani cha zeituni, yaani ule uzi wenye vinywele vinywele, waya mwembamba wa shaba, na waya wa risasi wa unene kama nusu milimita wa kuongeza uzito. Vanishi ya kichwa, au rangi ya kucha isiyo na rangi, inafanya kazi vizuri tu. Ukishika risasi nawa mikono kabla ya kula, na sehemu zingine risasi hairuhusiwi majini kwa hiyo uliza sheria za mto wako, kama hairuhusiwi kuna waya zisizo na risasi.

Weka taa karibu na karatasi nyeupe nyuma ya jiliwa ili ndoana nyeusi ionekane. Na vaa miwani, hata ya kusomea. Ndoana inaweza kuruka kwenye jiliwa na macho unayo mawili tu.

Kabla ya manyoya, uzi

Hii sehemu watu wanairuka, usiiruke. Bana ndoana tupu. Shika mwisho wa uzi kwa mkono wa kushoto, bobini kulia, anza nyuma kidogo ya jicho, zungusha mara tano kutoka upande wako kupita juu, kule upande wa pili, chini, unaelekea kwenye kona, na ile mizunguko inapita juu ya uzi wenyewe, unajibana. Kata mkia wa uzi. Sasa vuta bobini polepole mpaka uzi ukatike. Makusudi. Anza tena, ukate tena, mara tatu nne hivi. Mkono wako ukishajua uzi unakatikia wapi, utakua unafunga ukiwa karibu na hapo bila kufika, na nzi anaefungwa kwa uzi uliolegea anasambaratika kwenye samaki wa pili.

Kingine, uzi unajisokota kadri unavyozungusha, unakuwa kama kamba na kutengeneza vinundu. Acha bobini ining'inie, izungushe kinyume cha saa ukiitazama kutoka juu, utaona uzi unalala bapa kama utepe. Uzi bapa haujengi unene. Hii peke yake ilibadilisha nzi wangu kuliko vifaa vyote nilivyowahi kununua.

Na cha mwisho, kitu chochote ukikifunga juu ya ndoana uzi unataka kukisukuma kiende upande wa pili. Dawa yake: kishike kwa dole gumba na kidole cha shahada pale juu kabisa ya mgongo, pandisha uzi uingie katikati ya vidole, ushushe upande wa pili bila kuvuta, yaani unaacha kitanzi kilegee ndani ya vidole, alafu ndio unavuta taratibu bila kuachia vidole. Kitu kinabaki juu. Rudia mara mbili ndio uachie. Utafanya hivi maisha yako yote.

Sasa tufunge

Kwanza bonyeza kile kijino cha ndoana kwa koleo kilale, ndoana isiyo na kijino inatoka kirahisi kwa samaki unaemrudisha, na inatoka kirahisi kidoleni kwako pia, siku itafika. Fanya hivyo kabla ya kufunga, maana ndoana nyingine inavunjika hapohapo na bora ivunjike ikiwa tupu.

Bana ndoana, mgongo ukae sawa na meza. Chukua waya wa risasi uzungushe mara kumi mpaka kumi na tano katikati ya mgongo, mizunguko igusane. Usiupeleke mpaka mbele. Hapa ndio naanza kelele zangu za jicho na sitanyamaza mpaka mwisho: kati ya risasi na jicho kuwe na nafasi ya kutosha, milimita nne hivi. Anzisha uzi mbele ya risasi, tengeneza kimteremko kidogo, pita juu ya risasi ukiivuka mbele na nyuma mpaka isizunguke ukiisukuma kwa kucha, malizia kimteremko upande wa nyuma na peleka uzi mpaka mwanzo wa kona.

Mkia. Chukua marabu, lowesha vidole kidogo, maana ikiwa kavu inaruka kila mahali mpaka puani, chambua fungu la kutosha, upime liwe na urefu sawa na mgongo wa ndoana. Refu zaidi samaki anauma mkia tupu na anaondoka, fupi zaidi halichezi. Lifunge pale mwanzo wa kona kwa ule mtindo wa vidole, na ile sehemu inayobaki usiikate hapohapo, ilaze juu ya mgongo mpaka inapoanzia risasi ndio ukate, hivyo mwili unakuwa sawa, hauna kifundo nyuma na bonde katikati.

Rudisha uzi kwenye kona. Funga waya wa shaba, ining'inie kwa nyuma. Sasa shenili, ibane mwisho wake kati ya kucha mbili uvute ile manyoya itoke, ubaki uzi wa ndani tu milimita tano hivi, huo ndio unaufunga. Ukifunga shenili nzima nzima unapata nundu kwenye makalio ya nzi. Peleka uzi mbele, na simama milimita tatu kabla ya jicho. Tatu. Zungushia shenili kwenda mbele mizunguko ikigusana, ikifika ulipo uzi ifunge mizunguko minne mitano ya nguvu, kata.

Watu wengi wanafunga unyoya wa jogoo nyuma alafu wanauleta mbele, ni sawa, ila mi naupenda kinyume. Ufunge pale mbele kwa uti wake, yaani upande mnene, baada ya kuvua yale manyoya ya chini yaliyo kama pamba. Zungusha mara mbili palepale mbele, alafu uteremshe kurudi nyuma kwa nafasi nafasi, mizunguko mitano sita mpaka kwenye mkia. Ukifika, shika ncha ya unyoya kwa mkono mmoja, na kwa mwingine chukua ile waya ya shaba uizungushe juu ya unyoya mara moja, imeubana, achia unyoya, alafu endelea na waya kwenda mbele, ikipita katikati ya vinyuzi, huku unaiyumbisha kidogo kulia kushoto ili isilaze vinyuzi chini. Waya ifike mbele, ifunge, ikunje huku na huku mpaka ikatike yenyewe. Faida yake ni hii, meno ya trauti yanakata uti wa unyoya, na unyoya uliofungwa bila waya ukikatwa sehemu moja unafumuka wote, wa kwako umebanwa kila mahali unapokutana na shaba.

Kata ncha ya unyoya iliyobaki nyuma. Vuta vinyuzi vya mbele virudi nyuma kwa vidole vitatu, funga kichwa kidogo, nadhifu.

Fundo la kumalizia, kuna kifaa chake na ukikizoea ni sekunde tano, lakini kama kinakushinda chukua kalamu ya wino, toa mrija, ubaki na ganda. Zungushia uzi mara mbili kwenye ile ncha ya ganda, weka tundu la ncha juu ya jicho la ndoana, telezesha mizunguko ishuke nyuma ya jicho, vuta ikaze. Rudia mara tatu, kata uzi. Tone moja la vanishi kwa ncha ya sindano, na kabla haijakauka pitisha unyoya wowote kwenye tundu la jicho uondoe vanishi iliyoingia.

Jicho

Sasa niwaambie kwanini napiga kelele. Nzi wangu kumi na mbili wa kwanza niliwafunga vizuri sana kwa macho yangu, wanene, wamejaa, vichwa vimefika mpaka ukingoni mwa jicho, nikawapanga kwenye boksi nikawa nawafungua kila saa kuwatazama. Asubuhi nafika mtoni, baridi, vidole havisikii, trauti wanavunja maji mbele yangu kama mita nane tu, natoa wa kwanza napitisha uzi wa kuvulia haupiti. Vanishi imeziba. Natoa wa pili, manyoya yamefunika tundu. Wa tatu ukapita lakini fundo halikuwa na pa kukaa, likakaa juu ya kichwa, nikatupa mara moja nzi akaenda zake na uzi ukarudi mtupu. Nilikaa kwenye jiwe natoboa macho ya ndoana kwa ncha ya ndoana nyingine, na nilipomaliza mto umenyamaza.

Kwa hiyo ukiwa mezani jiulize kila hatua, nimebakiza nafasi? Ukiona umebanwa, fungua urudi nyuma, usijidanganye kwamba utabana bana. Na dawa ya kudumu ni kupunguza. Wanaoanza wote wanaweka vitu vingi mno, mkia mnene kama ufagio. Ukidhani marabu inatosha toa theluthi. Mtumbukize nzi kwenye glasi ya maji umvute vute, hapo ndio utajua, kavu anaonekana kama panya, akilowa anakonda na mkia unapumua, na kama akilowa bado ni donge basi umezidisha.

Ukishamjua huyo

Nenda kwa Pheasant Tail. Huyu ni nimfu, yaani mdudu wa majini kabla hajapanda juu kuota mabawa, na sehemu kubwa ya mlo wa trauti iko huko chini hata siku ambazo wewe unaona wanaoruka tu. Alimtengeneza Frank Sawyer, mtunza mto wa Avon kule Uingereza, na ujanja wake ulikuwa kwamba hakutumia uzi kabisa, alifungia kwa waya mwembamba wa shaba, ikawa uzi na uzito na mng'ao kwa pamoja. Mi nafundisha wenzangu kwa uzi kwanza kwa sababu waya haina huruma.

Ndoana namba 14. Vinyuzi vinne vya mkia wa fezanti dume, ndege wa jamii ya kuku mwenye mkia mrefu, ncha zake zinakua mkia, mfupi, kama nusu ya mgongo. Vilivyobaki unavizungusha kwenda mbele vinakua mwili, alafu waya wa shaba unapita juu yake kwa mwelekeo wa kinyume ili uvivuke, maana vinyuzi vya fezanti ni vikavu na vinakatika ukivitazama vibaya. Kifuani zungusha vinyuzi vya tausi mara tatu, kichwa, kwisha. Kama unataka azame haraka vishe ndoana ushanga wa tangsteni kabla hujaibana kwenye jiliwa, tundu dogo litazame jicho, tundu kubwa nyuma. Tangsteni ni karibu mara mbili ya shaba njano kwa uzito na inaishinda hata risasi, kwa hiyo ushanga mdogo unatosha. Usisahau kuuvisha kwanza, kila mtu anasahau, unafika nusu ya mwili ndio unauona umekaa mezani unakucheka.

Wale wa kuelea juu ya maji waache mpaka mwezi wako wa pili au wa tatu wa kujifunza. Sio wagumu hivyo ila wanadai vipimo. Ndoana iwe ya waya mwembamba, unyoya utoke shingoni kwa jogoo sio tetea, kwa sababu wa jogoo ni mgumu unasimama juu ya maji na wa tetea unanywa maji, na vinyuzi vyake viwe na urefu wa mara moja na nusu ya upana wa mdomo wa ndoana, yaani ile nafasi kati ya ncha na mgongo. Ukimtaka rahisi kati yao ni Elk Hair Caddis wa Al Troth, bawa lake ni nywele za elki, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ambazo ndani zina hewa ndio maana anaelea, ila nywele hizo ukizivuta kwa nguvu mara moja zinasimama pande zote kama nungunungu. Mizunguko miwili ya kulegea kwanza, ndio ukaze. Na yale manyoya ya bata yanayoota karibu na tezi ya mafuta mkiani usiyapake mafuta ya kuelesha wala vanishi, yanaelea kwa jinsi yalivyo, ukiyapaka yanagandana.

Rangi na saizi usiumize kichwa kwa kusoma, ingia mtoni ugeuze mawe. Chini ya jiwe kuna wadudu wamejishikilia, mtoe mmoja kwenye kiganja, linganisha na ndoana. Saizi kwanza, alafu umbo, rangi mwisho, mi nimevua na rangi isiyo sahihi mara nyingi tu lakini saizi ikipishana sana trauti anakuja, ananusa, anageuka. Mtazame tumbo pia, trauti anamwona kutokea chini na tumbo mara nyingi lina rangi hafifu kuliko mgongo.

Manyoya ukiokota mwenyewe angalia ni ya ndege gani, ndege pori wengi wanalindwa na kuwa na manyoya yao tu inaweza kuwa kosa, ya kuku, bata na bata mzinga wa kufugwa hayana shida. Osha kwa sabuni, kausha, weka kwenye mfuko uliofungwa na uuache frizani wiki moja kabla hujauchanganya na mengine, nondo akiingia kwenye sanduku lako anakula shingo nzima ya jogoo anabakiza uti.

Na wale wabaya wa mwanzo usiwatupe. Wale ambao jicho limeziba kwa vanishi tu toboa kwa sindano, wengine chukua wembe, pita nao mgongoni kwa urefu kutoka kichwani mpaka mkiani, vua kila kitu, ndoana inarudi tupu kama mpya, ibane tena na anza upya na milimita tatu za mbele.